Seli Si Tofali, Wala Baina Yake Hakuna Saruji

Mfano wa nyumba umetamalaki katika ufundishaji wa baiolojia kiasi kwamba karibu hakuna anayeuhoji. Mwili ni nyumba, tishu ni ukuta, seli ni tofali, na kinachoshikanisha tofali na tofali ni saruji. Mwanafunzi huukuta akiwa bado sekondari, huukuta tena chuoni akisomea udaktari, na akishaingia wodini au maabara haulizi tena, maana umeshakuwa sehemu ya namna anavyofikiri. Kutoka kwenye mfano huo limezaliwa fundisho linalochukuliwa kama jambo lisilo na mjadala: kwamba kiungio bora kati ya seli na jirani yake ni kile kisichocheza, na kwamba kikilegea, basi kimeharibika. Nasema fundisho hilo ni la uongo, tena si uongo mdogo wa kuwarahisishia mambo wanaoanza. Limeupindua ukweli kichwa chini miguu juu. Protini zinazoziunganisha seli zina nguvu kwa sababu kila mshiko mmoja mmoja ni dhaifu, unapinda, unaachia na kushika upya. Na tishu ambayo viungio vyake vingekuwa kweli vya saruji ingekufa, au isingejengeka kabisa. Ushahidi umekuwa ukirundikana kwa zaidi ya miaka arobaini, na bado vitabu vinaendelea kuchora ukuta.

Tuwatendee haki waliotuletea picha hiyo, kwa kuwa walichora walichokiona. Katika karne ya 19 Giulio Bizzozero, mtabibu wa Italia, aliitazama ngozi kwa hadubini akaona vinundu vidogo mahali seli zinapogusana. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1963, Marilyn Farquhar na George Palade walitumia hadubini ya elektroni kuvipanga viungio katika makundi tunayoyatumia hadi leo: kiungio cha kubana kilicho juu kabisa, karibu na uwazi wa utumbo au wa mrija, chini yake mkanda wa kushikamana unaoizunguka seli, na chini zaidi madoa ya desmosomu. Kazi yao ilikuwa kubwa na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wale waliosahau jinsi picha zile zilivyopatikana. Ili tishu ionekane kwa hadubini ile, kwanza ilikazwa kwa kemikali, ikanyonywa maji yote, ikatiwa metali nzito, ikazamishwa kwenye plastiki, kisha ikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele mara elfu moja hivi. Kitu kilichopitishwa katika mateso hayo yote hakina budi kutulia. Picha ya namna hiyo itakuambia kitu kiko wapi. Haiwezi kukuambia kimekuwa pale kwa muda gani, wala kama dakika moja kabla kilikuwa kwingine. Utulivu tuliouona ulikuwa wa tishu iliyokufa, nasi tukawabebesha walio hai.

Ili kuuamua ubishi huu tuikaribie molekuli moja. Mwaka 1977 Masatoshi Takeichi, akifanya kazi Kyoto, Japani, alionyesha kwamba seli zina njia ya kushikana inayotegemea kalsiamu; protini inayohusika ndiyo baadaye ikaitwa kadherini. Sehemu yake inayotokeza nje ya seli ina vipande vitano vilivyofuatana, kila kimoja chenye asidi amino zipatazo 110, na katika kila maungio baina ya kipande na kipande hukaa ayoni tatu za kalsiamu, jumla yake 12. Kalsiamu hiyo ndiyo inayoinyoosha molekuli. Ukiiondoa, molekuli nzima inalegea na seli zinaachana. Wanaootesha seli maabara hulifanya jambo hili karibu kila siku: hutia chomboni dawa inayonyakua kalsiamu, na baada ya dakika chache seli zilizokuwa zimetandaa bega kwa bega zinajivuta, zinakuwa duara, kila moja peke yake. Ukiirudisha kalsiamu zinatafutana na kushikana tena. Sijui saruji inayotenda hivyo.

Tusogee karibu zaidi, hadi kwenye ncha yenyewe. Mwaka 1995 kundi la Lawrence Shapiro na Wayne Hendrickson wa New York lilichapisha umbo la kipande cha nje kabisa cha kadherini, lililosomwa kwa eksirei kutoka kwenye fuwele. Asidi amino ya pili katika mstari wa protini hiyo ni triptofani, na kazi zilizofuata zilithibitisha kwamba seli mbili hushikania hapo: triptofani ya kadherini ya huku huingia kwenye mfuko mdogo ndani ya kadherini ya kule, na ya kule nayo hufanya vivyo hivyo huku. Sasa angalia kinachofuata, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Kadherini inapokuwa peke yake mfuko ule haukai mtupu. Triptofani yake mwenyewe imekaa humo. Ili kumshika jirani, kwanza inabidi itoke ilipo. Kwa hiyo faida ya kushikana ni ndogo, ni tofauti tu kati ya kukaa kwake na kukaa kwa mwenziwe. E-kadherini, ile inayopatikana katika tishu zinazoufunika mwili kwa nje na kwa ndani, inahitaji mkusanyiko wa mikromola 100 hivi ndipo ishikane kwa kiwango cha kuridhisha. Kingamwili nyingi huishika shabaha yake kwa nanomola chache tu, yaani kwa ukali unaopita huo mara elfu kumi na zaidi. Wala udhaifu huu haukutokea kwa bahati mbaya. Jirani na triptofani ile zimekaa prolini mbili, na kazi yake ni kuzizuia nyuzi zilizobadilishana zisifungamane kwa urefu wake wote. Katika utafiti uliotoka mwaka 2011 prolini hizo zilibadilishwa kuwa alanini, na mshiko ukawa mkali zaidi. Maana yake ni kwamba badiliko dogo tu la jeni lingetosha kutupatia gundi bora kuliko tuliyo nayo. Mamia ya mamilioni ya miaka ya uteuzi wa maumbile yamelipita badiliko hilo bila kulichukua.

Mtetezi wa saruji atajibu kwamba mshiko mmoja unaweza kuwa dhaifu, lakini maelfu yakikusanyika mahali pamoja unapata ukuta uleule. Nakubaliana naye kwamba kadherini hukusanyika kwa wingi, na kwamba jumla yake ni kubwa. Lakini mishiko mingi midhaifu si sawa na mshiko mmoja mkali, hata kama siku ya kuvutwa vyote vinabeba uzito mmoja. Mishiko midhaifu huachia kwa zamu: huu unaachia wakati ule umeshika, jumla haipungui, na huku kila kilichomo kinabadilika. Katika seli zinazooteshwa maabara, nusu ya E-kadherini iliyopo huwa imekwisha kuvunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine ndani ya saa tano hadi kumi. Kiungio unachokiona asubuhi na kile unachokiona jioni kinaweza kuwa pahali palepale, na visiwe na molekuli zilezile. Tena kuna jambo la ajabu kuliko hilo. Mwaka 2012 Sanjeevi Sivasankar na wenzake, Marekani, walizivuta kadherini moja moja wakipima kila mshiko unadumu kwa muda gani. Katika mkao wa kubadilishana triptofani, kadiri unavyovuta ndivyo unavyoachia mapema, kama akili ya kawaida inavyotarajia. Katika mkao wa pili, ambamo molekuli mbili zinapishana kwa umbo la herufi X, ukivuta kwa kiasi mshiko unadumu zaidi; ni pale nguvu inapozidi mno ndipo unaachia. Molekuli hiyohiyo, basi, ina namna mbili za kulipokea vuto, na inaweza kutoka kwenye mkao mmoja kwenda mwingine. Hapo hesabu ya wingi peke yake haitoshi tena.

Ndani ya seli kisa ni kilekile, ila kule kimewaaibisha waandishi wa vitabu. Kwa miaka mingi mchoro wa kawaida ulionyesha kadherini ikishika beta-katenini, beta-katenini ikishika alfa-katenini, na alfa-katenini ikishika nyuzi za aktini, mnyororo mmoja ulionyooka kutoka mifupa ya seli hii hadi ya jirani. Mwaka 2005 maabara za James Nelson na William Weis za Chuo Kikuu cha Stanford zilijaribu kuujenga mnyororo huo kwa protini safi. Haukujengeka. Alfa-katenini iliyoshika beta-katenini haikuweza kwa wakati huohuo kuishika aktini ipasavyo. Wapo waliokata tamaa, wapo waliotafuta protini nyingine ya kuziba pengo. Mwaka 2010 Shigenobu Yonemura na wenzake wa Kobe walionyesha kwamba alfa-katenini ikivutwa hufunguka na kumwita msaidizi, protini ya vinkulini. Kisha mwaka 2014 watu wa Stanford walirudi na jaribio lilelile, safari hii wakiutia mnyororo mvuto, na aktini ikashikwa vizuri, tena ikashikwa kwa muda mrefu zaidi kadiri mvuto ulivyoongezeka hadi kikomo fulani. Mchoro wa vitabuni ulikuwa na protini zote sahihi katika mpangilio sahihi. Kilichokosekana ni mvuto, na mchoro wa ukuta hauna mahali pa kuuweka. Kiungio hiki hakiwi imara halafu kikabeba mzigo. Huwa imara kwa kubebeshwa mzigo, na mzigo ukitoka nacho hulegea.

Kwa nini mwili uchague mashaka yote haya? Jibu liko kwenye utumbo mwembamba. Seli zinazoutandika kwa ndani hudumu siku tatu hadi tano, kisha hutupwa. Kila moja imebanana na majirani pande zote, na upande wa pili wa safu hiyo ni bakteria na vimeng'enya ambavyo haviruhusiwi kupita. Vipi basi itolewe seli moja bila kuacha tundu? Mwaka 2001 Jody Rosenblatt na wenzake wa London walieleza utaratibu wenyewe katika tishu za aina hiyo. Seli inayokaribia kufa huwapa majirani ishara. Majirani hujenga mkanda wa aktini na miosini kuizunguka, mkanda unakazwa, na seli inasukumwa juu kuelekea uwazi. Inapopanda, majirani wanakutana chini yake na kushikana wao kwa wao kabla ile haijang'oka. Ni lazima mishiko ya zamani iachie na mipya ifungwe kwa mpango mmoja, katika muda mfupi, bila sehemu yoyote kubaki wazi. Tia saruji hapo, na seli iliyokufa itaozea mahali pake ikivuta na majirani. Katika kiinitete mambo ni makubwa zaidi. Inzi wa matunda, akiwa bado ni kiinitete, hurefusha sehemu kubwa ya mwili wake zaidi ya mara mbili. Mwaka 2004 kundi la Thomas Lecuit, Ufaransa, lilionyesha kwamba seli zinafanya hivyo kwa kufupisha viungio vya upande mmoja hadi vinakwisha, kisha kufungua vipya kwa upande mwingine, na wakati wote huo safu haipasuki. Mwili mrefu hutokana na seli zilezile zilizobadilishana majirani.

Sasa nije kwenye hoja nzito zaidi ya upande wa pili, ambayo ni desmosomu. Hapa, wanasema, ndipo saruji yenyewe ilipo. Desmosomu ziko kwenye ngozi inayokwaruzwa na kuvutwa, na kwenye moyo unaopiga mara 100,000 hivi kwa siku. Zimefungwa kwenye keratini katika ngozi na kwenye desmini katika moyo, nyuzi ngumu kweli. Tena David Garrod wa Manchester alionyesha kwamba desmosomu zilizokomaa katika tishu haziachi hata ukiondoa kalsiamu, na akapendekeza kwamba ugumu huo unatokana na kadherini zake kupangika karibu sawa na fuwele. Hoja hii haipuuziki, na mtu akiniambia kwamba desmosomu ni imara kuliko mkanda wa kushikamana, sina la kumjibu zaidi ya kukubali. Lakini imara si sawa na kukakamaa. Mwaka 2003 watafiti waliotazama desmosomu za ngozi ya panya kwa tomografia ya elektroni waliziona kadherini zimefungamana kwa vifundo visivyo na mpangilio wa kurudiarudia. Mwaka 2007 kundi lingine lilitumia ngozi ya binadamu iliyogandishwa ghafla bila kemikali, likaona mpangilio. Wengi walidhani kesi imekwisha na fuwele imeshinda. Haikuwa hivyo. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020, Mateusz Sikora, Achilleas Frangakis na wenzao wa Ujerumani waliweza kuzitofautisha kadherini moja moja ndani ya desmosomu, na wakaona kwamba zinatofautiana kwa umbo, kwa nafasi kati ya moja na nyingine, na kwa mwinamo wake juu ya utando wa seli. Walipojaribu kuzilinganisha na kupata wastani mmoja safi, picha ilikwama kwenye nanomita 2.6 hivi, na sababu waliyoitoa ni kwamba desmosomu zenyewe zinanyumbuka. Ilibidi wasaidiwe na kompyuta inayofuata mwendo wa kila atomu ili wapate mpangilio unaokubaliana na picha, nao ulifanana na kenchi za paa. Anayetaka anaweza kushika neno kenchi na kushangilia. Ila kenchi hizi ni za viungo vinavyopinda, na ukungu uliowasumbua watafiti ulikuwa ndio habari yenyewe.

Na huyo huyo Garrod, ambaye jina lake hutajwa kila saruji inapotetewa, ndiye aliyetoa ushahidi unaoivunja. Ngozi ikijeruhiwa, desmosomu za seli zilizo kwenye ukingo wa kidonda huacha ule ugumu na kurudi kuitegemea kalsiamu, na swichi yake ni kimeng'enya kiitwacho PKC-alfa. Seli zikishalegea hivyo ndipo zinapoweza kusogea kuziba kidonda bila kutengana. Panya waliokosa kimeng'enya hicho, kundi lake likaonyesha mwaka 2012, walichelewa kufunikwa kwa ngozi mpya. Ugumu wa desmosomu kwa hiyo ni hali mojawapo, inayoingiwa na kutokwa kwa amri. Mtu anayeusifia ugumu huo bila kuitaja swichi ameeleza nusu ya kitu, tena nusu isiyoponya kidonda.

Wengine watanipeleka wodini. Watanionyesha mgonjwa wa pemfigasi, mwenye malengelenge yanayopasuka mdomoni na mwilini. Daktari akisukuma kwa kidole ngozi inayoonekana nzima kando ya lengelenge, tabaka la juu linateleza na kutoka. Je, hii si gundi iliyoisha? Tangu mwaka 1991, Masayuki Amagai na John Stanley walipobaini kwamba kingamwili za wagonjwa hawa zinashambulia protini ya jamii ya kadherini, ambayo leo tunaiita desmoglini 3, maelezo ya haraka yamekuwa kwamba kingamwili inaketi juu ya gundi na kuizuia isishike. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, na bakteria wa stafilokoko wanaounguza ngozi ya watoto wachanga huthibitisha sehemu yake, kwa kuwa sumu yao huikata desmoglini 1 na ngozi huchubuka. Ukikata, kitaachia, hilo sibishani nalo. Lakini mwaka 2006 kundi la David Rubenstein, Marekani, liliwadunga panya kingamwili za wagonjwa wa pemfigasi pamoja na dawa inayozima ishara moja ndani ya seli, ile inayopitia protini ya p38. Kingamwili ilikuwepo, na malengelenge hayakutokea. Kama mambo yangekuwa ya gundi iliyofunikwa, kuzima ishara ndani ya seli kusingesaidia kitu. Inaelekea kingamwili inaigusa kadherini, kadherini inaijulisha seli, na seli yenyewe inaanza kukivunja kiungio kwa mitambo ileile inayoitumia kila siku kukikarabati. Dawa ya namna hiyo bado si tiba ya wagonjwa, na pengine njia ya p38 peke yake haitatosha. Hata hivyo hakuna ambaye angefikiria kuitafuta kama angeendelea kuamini kwamba anashughulika na saruji.

Nasikia pia wanaosema kwamba huu ni mfano tu wa kufundishia, hauna madhara, mwanafunzi mwerevu atajisahihisha mbele ya safari. Nina shaka. Chukua kile kiungio cha juu kabisa, cha kubana, ambacho kwa lugha ya ukuta ni plasta ya kuzuia maji. Mikio Furuse na Shoichiro Tsukita wa Kyoto waligundua mwaka 1998 protini zake kuu, klaudini, na tangu hapo imeonekana kwamba nyingi kati yake ni vipenyo vinavyochagua nini kipite baina ya seli na seli. Klaudini 16 katika figo inahitajika ili magnesiamu irudi mwilini. Ikiharibika mtu huipoteza kwa mkojo. Panya asiye na klaudini 15 hushindwa kufyonza glukosi vizuri, kwa sababu sodiamu inayotakiwa kuisindikiza glukosi kuingia kwenye seli haipati njia ya kurudi utumboni. Aliyefundishwa plasta atauona uvujaji huo kama kasoro ya ujenzi, na itamchukua muda kuelewa kwamba mgonjwa wake anaugua kwa kuzibwa. Mfano unaomfanya mtu aione afya kama ugonjwa si mfano usio na madhara.

Pahali ambapo madhara yamekuwa makubwa zaidi ni kwenye saratani. Fundisho la saruji linaeleza kuenea kwa saratani kwa sentensi moja: seli zinapoteza E-kadherini, zinabanduka, zinasafiri. Fundisho hili lina vielelezo vyake halali. Mwaka 1998 Parry Guilford na wenzake waligundua katika ukoo mmoja wa Wamaori wa New Zealand kwamba hitilafu ya jeni ya E-kadherini ndiyo iliyokuwa ikiwaua vijana kwa saratani ya tumbo inayosambaa. Saratani ya matiti ya aina ya vijitundu vya maziwa kwa kawaida haina E-kadherini, na inaenea. Hayo siyakani. Lakini saratani nyingi za matiti ni za mirijani, na hizo mara nyingi huendelea kuwa na E-kadherini hata mahali zilikoenea, jambo ambalo kwa miaka mingi lilitajwa kwa haraka na kupitwa. Mwaka 2014 Nicola Aceto na wenzake, Boston, walifuatilia seli za saratani zinazosafiri katika damu wakakuta kwamba zile zinazokwenda kwa vifungu, bado zimeshikana, zina uwezo wa kuanzisha uvimbe mpya mara 23 hadi 50 kuliko zinazokwenda moja moja, na kwamba plakoglobini, protini ya viungio, ikipunguzwa, vifungu havijengeki na uvimbe wa mapafuni unapungua. Mwaka 2019 Veena Padmanaban na wenzake katika maabara ya Andrew Ewald, Baltimore, waliiondoa E-kadherini yenyewe katika panya wenye saratani ya mirijani. Seli zilipenya zaidi kwenye tishu za jirani, kama fundisho lilivyotabiri. Kisha zikafa. Chache zilifika kwenye damu, chache zaidi zikaota mbali. Kiungio kilichodhaniwa kuwa kizuizi cha saratani ndicho kilichokuwa kikiiweka hai safarini. Hilo linaeleweka tu kama kiungio kinaweza kunyumbuka kiasi cha kuziacha seli zipite mahali pembamba, na bado kikashika. Anayependekeza leo kwamba kumrudishia mgonjwa E-kadherini, au kuiongezea nguvu iliyopo, ni njia ya kuzuia saratani ya matiti isienee, aseme kwanza anazungumzia saratani ipi kati ya hizo mbili, na kwa ya mirijani atueleze kwa nini katika panya wa Baltimore saratani ilienea kidogo zaidi E-kadherini ilipoondolewa.